Uvimbe Mgongoni: Maswali ya Ngara ni Maswali Yetu

Ndugu Wanachama,

Safari hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lisilokuwa bei ya karafuu wala upungufu wa magunia. Walakini jambo hili likiharibika, hapana bei wala gunia litakalotufaa. Jambo lenyewe ni mgongo. Mchumaji hupanda mkarafuu kwa mgongo, mchukuzi huchukua gunia kwa mgongo, na mama hubeba mwanawe mgongoni huku akichambua karafuu. Tunautumia kila siku wala hatuuulizi khabari zake mpaka utushinde.

Mwanachama mwenzetu mmoja ana kijana wake anayesomesha skuli Bara, katika Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera, mwisho kabisa wa nchi upande wa machweo, penye mpaka wa Rwanda na Burundi. Likizo iliyopita kijana huyo alikuja na karatasi ya maswali aliyoyakusanya kwa wazee wa wanafunzi wake, na kwa watu wa Wilaya ya Biharamulo iliyo jirani. Maswali yote yalikuwa juu ya uti wa mgongo, na juu ya uvimbe na maradhi yatokeayo karibu nao. Aliniomba nimtafutie majibu. Nimesoma, nimeuliza matabibu, nimemwandikia. Lakini kila nilipokuwa nikijibu niliona ya kwamba swali hilo nimepata kulisikia papa hapa Pemba, chini ya mikarafuu. Basi nayaweka mbele yenu, na mwisho nitatoa shauri ambalo naomba tuliamue katika Mkutano Mkuu.

Kwanza tuijue nchi yenyewe, maana wengi wetu hatujafika. Ngara ni nchi ya vilima. Mto Ruvubu na Mto Kagera hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo. Watu wake hulima migomba, maharage, mihogo, mahindi na kahawa, na wengi hufuga ng'ombe na mbuzi. Mkungu wa ndizi huteremshwa kilimani kwa kichwa au kwa baiskeli, na maji huchukuliwa hivyo hivyo. Biharamulo ni tambarare zaidi, lakini kazi ni ile ile ya jembe na mzigo. Kwa hiyo mtu wa migomba na mtu wa mikarafuu, ijapokuwa baina yao pana bara nzima na bahari juu yake, mgongo wao ni mmoja na matata ya mgongo wao ni mamoja.

Sasa tuujue mgongo. Mtoto huzaliwa na pingili 33. Saba ni za shingo, 12 za kifua, tano za kiuno, na zilizobaki chini huungana kadiri mtu anavyokua zikawa mfupa wa nyonga na kifandugu. Baina ya pingili na pingili pana kito laini cha gegedu kinachozuia mifupa isisagane. Ndani ya pingili hizo, kama kamba iliyopita ndani ya mwanzi, umepita mshipa mkuu wa fahamu utokao kwenye ubongo. Huo ndio unaopeleka amri kwenye miguu, kibofu na haja kubwa, na ndio unaoleta khabari za maumivu, moto na baridi. Mfupa ukivunjika waweza kuunga. Mshipa huu ukikatika, mpaka leo hakuna tabibu duniani awezaye kuuunga ukarudi kama zamani. Hapo ndipo ilipo tofauti ya uvimbe wa mkononi na uvimbe wa mgongoni. Wa mkononi waweza kuungojea. Wa mgongoni, khasa ulio katikati juu ya uti wenyewe, hujui umekaa juu ya nini.

Swali la kwanza la watu wa Ngara lilikuwa hili: Je, kila uvimbe wa mgongoni ni khatari?

La. Uvimbe mwingi hauna madhara. Kuna uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, laini, unaoteleza ukiusukuma kwa kidole, usiouma, unaokaa miaka bila ya kubadilika. Kuna kifuko cha ngozi chenye uchafu mweupe ndani na kitundu kidogo juu yake. Kuna jipu la kawaida, jekundu, lenye moto na usaha. Mwenye mojawapo ya hayo asikose usingizi, ila amwonyeshe tabibu apate kuhakikishiwa. Lakini uvimbe unaokua upesi, ulio mgumu na umeshika chini hauendi huku wala huku, unaouma usiku hata mtu akilala, ulio katikati kabisa ya mgongo wa mtoto tangu kuzaliwa, au unaofuatana na homa, kukonda au udhaifu wa miguu, huo haungojwi. Kadhalika shimo dogo au kishungi cha nywele au alama ya ajabu katikati ya kiuno cha mtoto mchanga, ijapokuwa hakuna uvimbe, yafaa tabibu aione.

Swali la pili: Mtu amekonda, mgongo wauma miezi, na sasa umetoka uvimbe usiokuwa na moto. Mganga asema amerogwa. Kweli?

Ndugu zangu, hili ndilo swali lililoniuma zaidi, kwa sababu majibu yake yajulikana zamani na bado watu wanapata ulemavu kwa kutoyajua. Kifua kikuu si cha kifua peke yake. Vijidudu vyake, ambavyo Robert Koch wa Ujerumani alivitambulisha kwa walimwengu mwaka 1882, huweza kuchukuliwa na damu vikaenda kukaa katika pingili za mgongo, vikazila polepole. Mgonjwa huyo pengine hana kikohozi hata kidogo, na makohozi yake yakipimwa huonekana safi. Huumwa mgongo mahali pamoja, hutoka jasho la usiku, hukonda, kisha pingili huanguka mbele na mgongo hutoka nundu. Hicho ndicho kibiongo ambacho wazee wetu walikiona kwa watu wengi. Usaha wake hujikusanya pole pole bila ya moto wala wekundu, ukatokeza pembeni mwa mgongo, kiunoni au hata kwenye kinena. Matabibu huuita jipu baridi. Mtu asiyejua huupasua kwa wembe, na pale palipopasuliwa pakabaki kidonda kinachotoa maji miezi na miaka.

Dawa ipo. Nchini Tanzania matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila ya malipo katika vituo vya serikali, na cha mifupa aghalabu huhitaji vidonge kwa muda wa mwaka mmoja bila ya kukatiza. Akianza mapema, wengi hupona bila hata kupasuliwa. Akichelewa mpaka miguu imekufa ganzi, dawa huua vijidudu lakini pengine haimrudishi mtu shambani. Na kwa kuwa Ngara na Biharamulo ni nchi za mifugo, nimewaandikia na jambo hili pia: maziwa yachemshwe. Kipo kifua kikuu kitokacho kwa ng'ombe, na ipo homa ya kutupa mimba ya wanyama, ambayo mtu huipata kwa maziwa mabichi au kwa kumzalisha mnyama mgonjwa kwa mikono mitupu. Homa hiyo nayo hupenda kukaa katika viungo na pingili za kiuno. Nasi tunaofuga ng'ombe wawili watatu chini ya minazi tusidhani haituhusu.

Swali la tatu: Mtoto amezaliwa na uvimbe kama kifuko cha maji mgongoni. Ni laana ya nani?

Si laana ya mtu. Huo ndio waitwao mgongo wazi. Katika siku 28 za mwanzo tangu mimba kutunga, uti wa mgongo wa mtoto hujifunga kama mtu afungavyo kifungo cha kanzu toka juu hata chini. Mahali pasipofungika, mshipa wa fahamu hubaki nje au hujitokeza katika kifuko. Siku hizo 28 hupita pengine mama mwenyewe hajajua kama ana mimba. Basi mwanamume anayemlaumu mkewe, au mama mkwe anayesema ukoo wa bibi harusi una mkosi, wanamwonea mtu aliyekwisha kuwa na mzigo wa kutosha.

Cha kufanya ni hiki. Kifuko kisitobolewe, kisikandwe, kisipakwe unga, majivu wala samli. Kifunikwe kwa kitambaa safi kilicholowanishwa kidogo kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Mtoto alazwe kifudifudi au kwa ubavu, anyonyeshwe kama kawaida, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana kifuko kikipasuka vijidudu hupanda mpaka ubongoni. Wengi wa watoto hawa baadaye huanza kukua kichwa kwa sababu ya maji yaliyoziba ubongoni, na hilo nalo lina dawa yake ya kupasuliwa likiwahiwa. Wapo watoto waliozaliwa hivyo ambao leo wako skuli, na wazazi wao hapa Tanzania wana chama chao cha kusaidiana na kufundishana.

Kuna na kinga, na hapa nataka akina baba wasikilize. Mwaka 1991 ulitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi saba, kwa akina mama waliokwisha kupata mtoto wa namna hii. Walionyweshwa vidonge vya asidi ya foliki tangu kabla ya kushika mimba, khatari ya kupata mtoto mwingine hivyo ilipungua kwa kiasi cha asilimia 72. Tangu hapo nchi nyingi zimeamrisha vitamini hiyo itiwe katika unga. Tanzania Bara kanuni zake zilitoka mwaka 2011. Lakini unga huo ni ule wa viwanda vikubwa. Mama wa Ngara hula ndizi za mgombani kwake na ugali wa muhogo, au mahindi aliyoyasaga katika mashine ya kijijini. Mama wa Micheweni hula muhogo na ndizi vile vile. Kanuni imetoka, lakini chungu chake hakijafikiwa. Maharage na mboga za majani zina vitamini hiyo, nazo zafaa sana, lakini peke yake hazitoshi kwa jambo hili. Na vidonge vya kliniki, mama huvipewa akienda na mimba ya miezi mitatu au minne, wakati uti wa mgongo wa mtoto umekwisha kujifunga au kutojifunga zamani. Kwa hiyo haki yake ni kuvipata kabla. Binti anayekaribia kuolewa, na mke anayetazamia mtoto, aende kituo cha afya aulize asidi ya foliki mwezi mmoja kabla au zaidi. Na aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi amwambie tabibu, kwa kuwa yeye huhitaji kipimo kikubwa zaidi.

Swali la nne: Mtu ameanguka mtini. Hana jeraha, ila asema miguu mizito. Tumfanye nini?

Swali hili lilitoka kwa watu wanaopanda miembe na miparachichi, nalo laweza kuwa limeandikwa na mchumaji wetu wa karafuu. Mkarafuu mkubwa hupita urefu wa nyumba ya ghorofa mbili, na tagaa lake ni jepesi kuvunjika. Kila msimu twasikia fulani kaanguka. Na kila msimu hufanyika kosa lile lile: wenzake humkimbilia kwa huruma, mmoja akamshika makwapa, mmoja miguu, wakamnyanyua amejikunja kama samaki wa kupindwa, wakamkalisha katika pikipiki baina ya watu wawili. Pingili iliyokuwa imevunjika lakini haijasogea, hapo ndipo inaposogea ikakata mshipa. Mti ulimvunja mfupa, sisi tukamvunja miguu.

Aliyeanguka kutoka juu na akalalamika shingo, mgongo, ganzi au uzito wa miguu, aachwe alipo mpaka watu wapate kutosha. Asikalishwe, asisimamishwe, asipewe chakula wala maji mpaka aonwe na tabibu. Mtu mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili kisigeuke. Watu wanne au watano wamgeuze kwa pamoja kama gogo moja, kwa hesabu ya mmoja wao, ubao upitishwe chini yake, kisha afungwe juu ya ubao huo kwa kanga au kamba pana. Mlango uliong'olewa bawaba ni ubao mzuri kabisa. Gari liende polepole. Nusu saa ya kutafuta ubao yaweza kumwokoa mtu miaka 40 ya kulala kitandani.

Swali la tano: Kukandwa, kuchanjwa chale na kuumikwa, je, hufaa?

Sipendi kuwadharau wazee wetu wenye mikono ya kuchua. Mtu aliyechoka kwa jembe au kwa gunia, misuli ya kiuno imekaza, akichuliwa kwa mafuta ya nazi yenye moto hupata nafuu, na hakuna tabibu mwenye akili atakayemkataza. Maumivu mengi ya kiuno ni ya namna hiyo, na huondoka yenyewe katika wiki chache. Wala kulala kitandani mwezi mzima si dawa. Mtu aendelee kutembea na kufanya kazi nyepesi, na mzigo aunyanyue kwa kukunja magoti, gunia likiwa karibu na kifua.

Lakini pana mahali ambapo mkono wa mkandaji lazima usimame. Asikandwe aliyeanguka. Asikandwe mwenye uvimbe. Asikandwe mwenye homa, aliyekonda bila ya sababu, wala mtoto mdogo. Na wembe usiguse uvimbe wowote ulio karibu na uti. Tena kuna dalili ambazo hazingoji hata kesho: miguu kulegea au kufa ganzi, ganzi katika mapaja kwa ndani na sehemu za siri, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila ya mtu kujua. Hizo maana yake mshipa unabanwa. Hapo saa huhesabiwa, si siku. Najua mtu huona haya kusema khabari za mkojo wake mbele ya watu, lakini mficha maradhi, mauti humuumbua.

Swali la mwisho lilikuwa fupi: Si kweli kwamba anayepasuliwa mgongo hupooza?

Khofu hii ipo Ngara, ipo Biharamulo, ipo na Pemba. Kila upasuaji una khatari yake, na mgonjwa ana haki ya kuuliza na kuelezwa kabla ya kutia sahihi. Walakini wengi tuliowaona wamepooza baada ya kupasuliwa walikuwa wamekwisha kuanza kupooza kabla ya kufika. Walipelekwa mwisho, baada ya mganga wa kwanza, wa pili na wa tatu. Ukimpa fundi nyumba iliyokwisha kuanguka, usimlaumu kwa kushindwa kuizuia isianguke.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Nilipomwuliza yule kijana kwa nini watu wa Ngara huchelewa, jibu lake halikuwa ujinga. Lilikuwa njia na nauli. Wilayani kwao zipo hospitali za Murgwanza, Rulenge na Nyamiaga, na Biharamulo wana yao. Humo mtu hupimwa, hupigwa eksirei, hupewa dawa za kifua kikuu. Lakini mtaalamu wa kupasua uti wa mgongo, kwa miaka mingi, wamemfuata Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, zaidi ya kilomita 300 kutoka Ngara. Na njia hiyo ilikatwa na maji ya Ziwa Victoria pale Kigongo na Busisi, mgonjwa akingoja kivuko pamoja na malori. Daraja la J. P. Magufuli lilipofunguliwa mwezi wa Juni 2025, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, ngojea ile ilikwisha. Hospitali ya Rufaa ya Kanda nayo imejengwa Chato, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo. Njia imefupishwa. Lakini daraja halimlipii mtu nauli. Bado yampasa auze mbuzi au kahawa ambayo haijaiva, akope, amtafute wa kumsindikiza, amwache nani shambani. Wiki tatu hupita akitafuta fedha, na katika wiki hizo tatu ndimo mkandaji na wembe huingia.

Sasa tujitazame sisi. Tumeneemeka kuliko wao. Hospitali ya Abdulla Mzee hapo Mkoani ilijengwa upya ikafunguliwa mwaka 2016. Unguja, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, tangu mwaka 2014 kuna jengo zima la upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, lililojengwa kwa msaada wa madaktari wa Hispania, ambalo limekwisha kuwapasua watoto wengi wa mgongo wazi na wa kichwa kikubwa. Likishindikana Unguja, ipo Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kivuko chetu sisi ni bahari. Mtu wa Konde au wa Kojani mwenye mtoto wa siku mbili na uvimbe mgongoni, ana safari ya gari, kisha ya boti, kisha ya kukaa Unguja asikokuwa na jamaa. Nauli ya watu wawili na chakula cha wiki mbili. Msimu wa karafuu ukiwa mbali, fedha hiyo haipo mfukoni mwa mchumaji.

Kwa hiyo shauri langu kwa Mkutano Mkuu ni mambo manne.

Kwanza, kila tawi liwe na ubao mmoja wa kuchukulia mgonjwa, wenye mikanda, uwekwe nyumba ijulikanayo na kila mchumaji, na vijana sita wa tawi wafundishwe kuutumia kabla ya msimu kuanza.

Pili, Chama kitenge katika michango ya mwaka fungu la safari ya mgonjwa, kwa ajili ya mwanachama, mke au mume wake, mtoto wake, na mchumaji anayemfanyia kazi. Liwe la nauli na posho ya siku za mwanzo tu, litolewe siku hiyo hiyo kwa sahihi ya mjumbe wa tawi na barua ya kituo cha afya, bila ya kungoja kikao.

Tatu, tumwalike muuguzi au tabibu azunguke matawi mara moja kwa mwaka, asome maswali haya na kuyajibu mbele ya watu, wanawake kwa wanaume, na wakandaji wetu waitwe wakae mbele.

Nne, kila mzazi anayeoza binti au kijana mwaka huu awaambie khabari ya asidi ya foliki. Hilo halihitaji fungu wala kikao.

Najua watakaopinga. Wako watakaosema: Shirika la Biashara la Zanzibar hulipa fidia kwa aliyeanguka mkarafuu, basi fungu hili la nini? Nawajibu kwamba fidia ni jambo jema na tushukuru ipo, lakini fidia huja baada ya khasara, nami nasema habari ya kuizuia khasara yenyewe. Gari latakiwa saa ile alipoanguka. Wengine watasema fedha hiyo ni bora tujengee sakafu za kuanikia, kwa kuwa mvua ya vuli hutuharibia mali. Sakafu nazipenda, na jina langu limo katika waliolalamika juu ya majamvi. Lakini karafuu iliyonyewa na mvua hushuka daraja, msimu ujao ikapanda. Mtu aliyekatika mshipa hana msimu ujao. Na wako watakaouliza mtoto mwenye uvimbe anahusiana nini na karafuu. Hao nawaomba wakumbuke ni nani wanaochambua karafuu zao usiku kwa mwanga wa taa. Ni mama wa mtoto huyo.

Nimempa kijana wetu majibu haya arudi nayo Ngara, na ameahidi kuyasoma katika mkutano wa wazazi wa skuli yake. Sisi tuna Chama chetu, na msimu wa kutuingizia fedha kwa mkupuo. Tukishindwa kununua mbao na kulipa nauli, hatutakuwa na udhuru wa umbali wala wa kivuko.

Mkutano Mkuu utakuwa na ajenda hii chini ya mambo mengineyo, isipokuwa kama matawi yataandika kutaka ipandishwe juu. Naomba muandike. Na yeyote ambaye leo ana uvimbe mgongoni, au ana mtoto mwenye nao, asingoje Mkutano. Aje afisini asubuhi yoyote tumwelekeze pa kwenda, insha-Allah.

Wenu katika kazi,
Katibu